Usiangalie tu nani anasikika, angalia na nani kasikia

Wakuu, juzi alfajiri niliamka kabla ya watu wote, nikawasha redio yangu ya ridhaa, ile ya kuongea na watu wa mbali kwa hobi tu, nikavaa hedifoni, laptopu iko pembeni imefungua klasta, ile orodha ya mtandaoni ya nani kasikika wapi, na kitu cha kwanza kukiona kwenye skrini ni mstari mmoja tu, stesheni ya kisiwa cha Pasifiki ambayo nimeitafuta mwaka wa tatu huu, kwenye kipande cha masafa tunachoita bendi ya mita 15, kwa Morse, ile lugha ya nukta na vistari, imepostiwa dakika moja iliyopita. Moyo ukanidunda. Nikazungusha mpaka masafa yale yale, nikatulia, nikabana filta, nikaongeza sauti, nikabana na pumzi kabisa. Kimya. Ni shhhhhh tu, hata dalili yake hakuna.

Zamani ningezima nikarudi kulala na hasira zangu. Safari hii nikaurudia ule mstari nikausoma vizuri, na sio kolsaini (jina la hewani la stesheni) ya kisiwani niliyoiangalia, hapana, niliangalia ile nyingine, ya aliyeposti. Jamaa yuko mbali sana mashariki yangu, kwake jua limeshachomoza zamani, kwangu nje bado giza totoro. Nikasema aha, bendi imemfungukia yeye, kwangu zamu bado. Nikaiacha redio palepale sikugusa kitu. Ikapita nusu saa, dirisha likaanza kuwa jeupe, na kwenye hedifoni nikaanza kusikia kitu kama mtu anagonga ukuta nyumba ya tatu, kinakuja kinapotea, kinakuja kinapotea, alafu kikasimama. Ndo yeye. Nikaita mara mbili akanijibu, 599, yaani nakusikia vizuri, asante, kwaheri, sekunde kumi hazikufika na miaka mitatu yangu ikawa imeisha.

Basi tangu siku hiyo nina hamu ya kuandika hiki kitu, manake naona watu wengi wanaoingia kwenye redio za ridhaa wanafundishwa kusoma klasta nusu nusu, wanaambiwa angalia nani yuko hewani na yuko masafa gani, basi, nenda kamwite. Na ile nusu nyingine ndo yenye utamu wenyewe.

Kwa ambae ni mgeni, nieleze haraka. DX kwetu ni stesheni ya mbali. Klasta ni mtandao wa seva zilizounganishwa dunia nzima, ham yeyote (yaani mtu wa redio za ridhaa) akisikia stesheni ya mbali anaandika mstari mmoja anautuma, na ndani ya sekunde chache mstari huo unatokea kwa maham wote waliounganishwa, awe Finlandi awe Chile. Mstari huo ndo tunaita spoti, sio ile spoti ya mpira, na kitendo chenyewe tunasema kuposti au kuspoti. Unaanza na maneno DX de, hiyo "de" imetoka enzi za telegrafu, maana yake "kutoka kwa", alafu inafuata kolsaini ya aliyesikia, masafa kwa kilohezi, kolsaini ya aliyesikika, maneno machache ya maelezo kama yapo, na mwisho saa ikiwa na herufi Z, yaani saa ya dunia, UTC, ili asitokee mtu wa kuuliza saa nne ya kwako au ya kwangu. Hayo maelezo machache usiyadharau. Ukiona imeandikwa "up 5" ujue yule wa mbali anatuma hapo lakini anasikiliza kilohezi 5 juu, ukimwita palepale anapotuma humfikii yeye, unawaharibia maelfu wanaojaribu kumsikia, na watakuambia tu, bila upole.

Sasa rudi kwenye kolsaini ya kwanza, ya aliyesikia. Kolsaini inakwambia mtu yuko nchi gani, JA ni Japani, VK Australia, LU Argentina, 5H Tanzania, 5Z Kenya, OH Finlandi, kwa hiyo kila spoti ni ushahidi wenye pande mbili, inasema kati ya sehemu hii na sehemu ile, kwenye bendi hii, saa hii, njia imefunguka. Haisemi kwamba njia imefunguka kwako. Mawimbi ya bendi zetu za HF, yaani mawimbi mafupi, hayaendi moja kwa moja kama tochi, yanapanda mpaka ionosfia, lile tabaka la juu la hewa lililochajiwa na jua, kilomita 200 mpaka 400 juu ya vichwa vyetu, yanapinda yanarudi chini mbali huko, yanagonga ardhi au bahari, yanapanda tena. Kati ya pale yanapoondoka na pale yanapotua kuna eneo kubwa katikati linarukwa kabisa. Ndo maana jirani wa kilomita 500 humsikii na mtu wa kilomita 8,000 unamsikia kama yuko chumbani. Na bendi za juu, mita 15, 12, 10, zinataka jua liwe limeshalichaji lile tabaka, kwa hiyo zinafunguka zikifuata mwanga unavyotembea kutoka mashariki kwenda magharibi. Za chini, mita 160 na 80, ni kinyume, mchana kuna tabaka lingine chini zaidi, tabaka D, linazimeza, mpaka jua lizame ndo zinaamka.

Kwa hiyo mi nikifungua klasta siku hizi sitafuti kolsaini adimu kwanza. Nawatafuta majirani. Nina orodha ya kichwani ya watu walioko nchi za karibu na mimi, ambao wanachokisikia wao mara nyingi na mimi nakisikia, na programu nyingi zinakuruhusu uchuje spoti zibaki za watu wa ukanda wako tu. Akiposti mmoja wa hao naacha kila kitu nakimbilia. Akiposti mtu wa bara lingine nauliza kwanza, jua liko wapi kwake, liko wapi kwangu, linaelekea wapi. Mara nyingi jibu ni "subiri", na kusubiri huko ukijua unachokisubiri ni raha ya ajabu, tofauti kabisa na kubahatisha.

Hili la kuripoti nani kasikika wapi sio la juzi. Mwaka 1921 maham wa Marekani walitaka kujua kama mitambo yao midogo ya mawimbi mafupi inaweza kuvuka Atlantiki, wakati huo wengi waliamini masafa yale hayana kazi. Wakamtuma mmoja wao, Paul Godley, akavuka bahari na riseva yake mpaka Ardrossan, pwani ya Scotland, akapiga hema mwezi wa Desemba, upepo na mvua, akatandaza antena ndefu ya waya, akakaa usiku kucha anasikiliza. Hakupelekwa kutuma chochote, kapelekwa kusikia na kusema amesikia nini, saa ngapi, masafa gani. Na alisikia kweli, stesheni ya 1BCG ya Connecticut na nyingine nyingi juu yake. Mimi nikifikiria yule mtu kwenye hema lake, penseli mkononi, naona ndo babu wa kila spoti tunayoiposti leo. Tofauti ni kwamba siku zile habari ilitembea polepole na sasa hivi inakufikia kabla hujamaliza kukohoa.

Katikati hapo kulikuwa na njia nyingi. Majarida ya kutumwa kwa posta, ambayo yakikufikia stesheni ilishafunga mizigo kaondoka. Kupigiana simu usiku wa manane, watu walikuwa na minyororo yao, mimi nakupigia wewe, wewe unampigia yule, na mke wa yule anapokea simu saa tisa usiku. Makundi ya VHF, masafa ya mawasiliano ya karibu, wote mnasikiliza masafa moja ya FM hapo mjini, mmoja akisikia kitu anawapasha. Alafu mwishoni mwa miaka ya 1980 ham mmoja wa Marekani, Dick Newell, AK1A, akaandika programu ya PacketCluster. Wakati huo kulikuwa na paketi redio, kompyuta inaunganishwa na redio ya VHF kupitia kiboksi kidogo, data inakwenda kwa kasi ya biti 1,200 kwa sekunde, yaani unaziona herufi zinakuja kwenye skrini na huku unasikia redio inakoroma brrrraap. Kila kompyuta ya klasta, yaani nodi, inaongea na nodi nyingine, mji unaunganishwa na mji. Intaneti ilipokuja nodi zote zikaungana na dunia ikawa kijiji kweli. Ule muundo wa mstari wa DX de haujabadilika hadi leo, na hilo linanifurahisha sana, mtu wa 1990 ukimwonyesha skrini yangu ataisoma bila kuuliza.

Kitu kilichobadilisha mchezo ni pale mashine zilipoanza kusikiliza zenyewe. Mwaka 2008 Alex Shovkoplyas, VE3NEA, alitoa programu ya CW Skimmer, na kazi yake ni kwamba haisikilizi stesheni moja kama sikio lako, inasikiliza kipande kizima cha bendi kwa mpigo, inatafsiri Morse ya kila anayetuma humo ndani, mamia kwa pamoja. Watu wakaona, kwa nini tusiunganishe hizi skima, zisambae dunia nzima, kila ikisikia mtu anaita CQ, yaani yeyote anayenisikia anijibu, irushe ripoti yenyewe? Ndo ikazaliwa Reverse Beacon Network, sisi tunaiita RBN. Spoti ya RBN haina "asante sana rafiki" wala "ishara nzuri", ina namba mbili, nguvu ya ishara juu ya kelele kwa desibeli, na kasi yako ya Morse kwa maneno kwa dakika. Mashine haikusifii wala haikuonei.

Hapo niongee kidogo manake ndo kitu kimenifaidisha kuliko vyote. Nilikuwa na antena ya waya, dipoli ya kawaida ya mita 20, upande mmoja niliufunga juu vizuri na upande mwingine uliishia kwenye nguzo fupi, kwa hiyo katikati yake ilikaa kama mita 4 kutoka chini. Nilikuwa najidanganya kwamba inatosha manake nilikuwa napata watu. Siku moja nikaita CQ mara tatu, nikafungua RBN, skima nne tu zimenisikia, ya mbali zaidi desibeli 6. Nikapanda, nikatafuta nguzo nyingine, nikanyanyua ile antena ikafika mita 9 hivi, nimechubuka mikono yote miwili, nikarudi nikaita kwa nguvu ile ile ya wati 50. Skima kumi na mbili. Ile ya mbali ikaniandika 15. Hiyo ni tofauti ya desibeli 9, ni kama vile ningeongeza nguvu mara nane, na sikununua kitu chochote. Lakini msikimbie na namba moja tu jamani, ishara inapanda na kushuka yenyewe kila dakika, inabidi ujaribu mara nyingi, ya zamani, mpya, ya zamani, mpya, na usibaki masafa yale yale, skima ikishakuripoti mahali haikurudii tena mpaka zipite dakika kadhaa, kwa hiyo sogea kilohezi moja kila unapoita. Mi nilifanya jioni tatu mfululizo ndo nikaamini.

Kwa upande wa data ni hivyo hivyo ila kwa wingi zaidi. FT8, njia ya kutumiana ujumbe mfupi kwa kompyuta iliyotoka 2017, kila zamu ya kutuma ni sekunde 15, na inasomeka hata ishara ikiwa imezama desibeli 20 chini ya kelele, pale ambapo sikio la binadamu halisikii kitu kabisa. Mmoja wa walioitengeneza ni Joe Taylor, K1JT, profesa yule yule aliyepata Nobeli ya fizikia 1993 pamoja na Russell Hulse kwa kugundua pulsa pacha, nyota mbili zinazozungukana moja ikitoa midundo ya redio, na ujuzi wa kuchimba ishara dhaifu akauleta na huku kwetu. Programu ya kila anayesikiliza FT8 inaweza kutuma ripoti yenyewe kwenye tovuti ya PSK Reporter, ukifungua ramani unaona vibendera vya rangi vimejaa, kila kibendera ni sikio la mtu. Kuna na WSPR, ya Taylor pia, ya 2008, hiyo hata haifanyi maongezi, inatuma kolsaini, eneo na nguvu, inachukua karibu dakika mbili nzima kusema hayo tu, na watu wanatumia wati moja au chini ya hapo wanavuka bahari. Nimewahi kuiacha usiku kwa milliwati 200, yaani sehemu moja ya tano tu ya wati, asubuhi nikakuta nimesikika mabara manne. Nilikaa mbele ya ile ramani muda mrefu nikiangalia tu.

Na ukitaka kuyajaribu masikio yako mwenyewe bila intaneti kabisa, kuna bikoni 18, vituo vinavyotuma ishara vyenyewe bila mtu, zimetawanywa dunia nzima, mradi wa vyama vya maham NCDXF na IARU, zinapokezana kwenye masafa moja kwa zamu, kwa mfano 14.100 megahezi, kila moja sekunde 10, mzunguko mzima dakika 3 alafu zinaanza tena. Ukiwa na saa sahihi unajua ni zamu ya nani, sasa hivi New York, sasa hivi Hawaii, Japani, Sri Lanka, Kenya, Ajentina. Kila bikoni inatuma kolsaini yake kwa Morse na mlio mmoja mrefu kwa wati 100, alafu milio mingine kwa wati 10, wati 1, na mwisho sehemu moja ya kumi ya wati. Kaa hapo ukihesabu milio. Ukisikia minne yote bendi iko safi kiasi kwamba unaweza kulia. Mi huwa naanza siku yangu ya redio hapo kabla sijafungua klasta, nataka kujua kwanza masikio yangu mwenyewe yanasema nini.

Sasa niwaambie kitu nilichokosea, nakisema ili mwingine asikifanye. Usiku mmoja bendi ya mita 30 nilisikia stesheni ya Morse, dhaifu, ishara inapepea, nikashika kolsaini yake nikaiposti fasta fasta nikijua nawasaidia watu. Herufi ya mwisho niliandika S. S ni nukta tatu. Yeye alikuwa anatuma H, nukta nne, ile ya nne ilimezwa pale ishara ilipozama. Nilisikia mara moja tu nikaposti. Dakika tano baadae nikaona mtu mwingine kaposti stesheni ile ile kwa S. Alafu mwingine. Alafu wa tatu na wa nne, mabara tofauti, wote S. Nikafurahi, nikasema kumbe niko sahihi wamenithibitisha. Mpaka ham mmoja mzee wa siku nyingi akaniandikia ujumbe mfupi wa heshima kabisa, "rafiki, sikiliza tena herufi ya mwisho." Nikasikiliza. H. Ya wazi kabisa, H, H, H.

Nililala vibaya siku ile. Sio kwa kukosea herufi, hilo linampata kila mtu, ni wale wanne. Hawakusikia wao. Walikopi kutoka kwenye skrini, wakamwita, wakaandika S kwenye logi zao, yaani daftari za mawasiliano, wakaposti kana kwamba masikio yao ndo yamesikia, na kila mmoja wao akawa ametoa ushahidi wa kitu ambacho hakikuwepo. Na chanzo ni mimi. Waliomwita kwa S logi zao hazikulingana na ya kwake, kwa hiyo maongezi yale hayahesabiki, mtu kapoteza usiku wake. Tangu hapo sheria yangu ni moja, siposti mpaka nimesikia kolsaini nzima mara mbili kutoka hewani. Na nikiona spoti inasema hivi na sikio langu linasema vingine, nalifuata sikio.

Na hata skima zinakosea, msizipe imani ya kupita kiasi, mtu akituma Morse ya mkono yenye nafasi mbaya mashine inaunganisha herufi mbili inatoa kolsaini ya nchi ambayo haina hata ham mmoja hewani. Ila skima kumi zikisema kitu kimoja kila moja kwa sikio lake hapo ni tofauti na watu wanne waliokopiana, na ndo nachosema siku zote, uzito wa spoti uko kwenye sikio lililo nyuma yake.

Mengine ya adabu nitayapitia haraka. Sehemu ya maelezo sio ya kulalamika, "namwita saa nzima hanijibu" haimsaidii mtu yeyote. Kujiposti mwenyewe kwenye mashindano kila shindano lina kanuni zake, soma kwanza. Ila kwa wale wanaopanda milima na redio za betri, mpango wa SOTA ulioanza 2002, kujiposti ndo utaratibu, mtu yuko kileleni na wati 5, upepo unampiga, betri inaisha, asipojiposti nani atajua yuko wapi? Hao nikiwaona huwa nawakimbilia kabla ya DX yoyote.

Kuna na upande ambao spoti inaumiza. Stesheni ikiwa adimu kweli, mfano Bouvet, kisiwa cha barafu cha Norwei huko kusini mwa Atlantiki ambacho hakina mkaaji hata mmoja, timu ya 3Y0J ilifika mwanzoni mwa 2023 ikapambana na bahari ile kushusha watu na vifaa, sasa mtu kama huyo akipostiwa tu ndani ya dakika moja anaangukiwa na ukuta wa sauti, pailapu ya maelfu ya watu wanaita kwa pamoja, hasikii hata silabi. Ndo maana wanasikiliza masafa yaliyotandazwa juu. Wewe uliyemwona kwenye klasta, usiite kama humsikii. Nasema tena, usiite kama humsikii. Akikujibu utajuaje?

Na kuna jambo moja ambalo wakati tunaposti hatulifikirii kabisa. Hizi spoti zote zinahifadhiwa, mamilioni kwa mamilioni, na wanasayansi wanazitumia. Tarehe 21 Agosti 2017 jua lilipopatwa kuvuka Marekani, maham waliombwa waingie hewani kwa wingi, na data za RBN, PSK Reporter na WSPR zikaonyesha jinsi kivuli cha mwezi kilivyobadilisha ionosfia kikipita, bendi za chini zikaanza kwenda mbali mchana kana kwamba usiku umeingia. Wiki mbili baadae, 6 Septemba, jua likalipuka mlipuko mkubwa wa daraja la X9.3, na kwenye rekodi za spoti unaona upande wa dunia ulioko mchana ripoti zinaporomoka ghafla. Ukimya nao ni ripoti. Kila mmoja wa wale watu siku hiyo nadhani alifikiri antena yake imekatika.

Sasa kwenye sauti, SSB, hakuna mtandao mkubwa wa skima wa kutusikilizia kama ule wa Morse. Huko bado ni binadamu kwa binadamu, asiposti mtu hakuna atakayejua. Na wengi wetu tunachukua tu, tunaangalia skrini siku nzima, tunabonyeza spoti ya mwenzetu redio inahama yenyewe, tunaita, tunaandika logi, tunahamia nyingine, mwaka mzima hatujaposti hata moja.

Jana jioni nikafunga laptopu. Nikachukua mita 17, nikaanza chini kabisa ya sehemu ya sauti, nazungusha taratibu kwa kidole kimoja, kilohezi kwa kilohezi. Karibu na mwisho nikamsikia mama mmoja anaita CQ, sauti ya chini, Kiingereza chenye lafudhi, anaita, ananyamaza, anaita tena, hakuna anayemjibu. Nikasikiliza kolsaini yake mara mbili. Kisha mara ya tatu. Kisiwa cha Bahari ya Hindi ambacho sijawahi kukiona kwenye klasta wiki hiyo yote. Nikamwita, akanijibu papo hapo, akaniambia yuko hewani dakika arobaini na mimi ni wa pili, akaniuliza namsikia vipi, nikamwambia 5 na 5, inazama kidogo lakini naelewa kila neno. Nikamuuliza, naweza kukuposti? Akacheka, akasema tafadhali.

Nikafungua laptopu, nikaandika masafa, kolsaini yake, na kwenye maelezo nikaweka tu "anasikiliza palepale, dhaifu ila safi." Nikabonyeza enta, nikarudisha hedifoni masikioni. Akaita CQ moja zaidi, na kabla hajamaliza kutaja kolsaini yake wakaingia, mmoja, wawili, alafu wote.